Akina Mama Wamekubali

Walinichagua kuwa mwandishi wa shirika la raia kwa sababu ya mwandiko wangu. Sijidanganyi. Katika chumba kile kulikuwa na watu wenye akili kunishinda, na wenye Kifaransa kilichonyooka kunishinda, lakini mimi nimefundisha darasa la pili miaka mingi, na mwalimu wa darasa la pili akiandika, hata mwenye macho mabovu anasoma. Kwa hiyo kila karatasi iliyotoka kwetu kwenda kwa wakubwa, wawe wa Kasongo, mji wetu, au wa Kabambare, iliandikwa na mkono huu. Mojawapo ya karatasi hizo ndiyo iliyomtoa mdogo wangu nyumbani akiwa na uchungu wa kuzaa, ikampandisha pikipiki mvua ikinyesha, ikamuua njiani. Watu wa kwetu wananikataza kusema hivyo, wanasema ni kazi ya Mungu. Mungu hakuandika ile karatasi.

Shirika letu, ambalo watu hulitaja kwa Kifaransa, sosiete sivili, si ofisi yenye kiyoyozi. Tunakutana Jumamosi katika darasa la shule ya misheni, kwa kuwa Ijumaa ni ya msikiti na Jumapili ni ya kanisa. Tunakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa kidevu: mashehe wawili, mchungaji, mama wauza samaki, mkubwa wa waendesha pikipiki, walimu, na mwenyekiti wetu ambaye anauza vitenge sokoni. Kazi yetu ni kuliona jambo linaloumiza watu, kulizungumza, kuliandika, na kulipeleka kwa mwenye mhuri mpaka ligeuke amri. Tunaiita pledwaye. Kwa Kiswahili cha kawaida ni kuwasumbua wakubwa kwa adabu, na sisi tulikuwa mafundi wa kusumbua.

Mambo mengine tuliyafaulu. Kuna kizuizi cha kamba kilichokuwa barabarani, kila mwenye baiskeli ya mzigo anatoa kitu ndipo apite, na kamba ile tuliiondoa kwa barua tatu. Paa la shule moja lilirudishwa kwa barua saba. Nasema haya ili mtu asidhani kwamba nalidharau shirika. Nililipenda kuliko nilivyompenda mume niliyekuwa naye zamani, na hilo nitalieleza.

Mwaka ule mwanamke mmoja alikufa jirani na soko la Kasongo, nyumbani, mikononi mwa mkunga wa mtaa. Alikaa siku mbili na uchungu, na kituo cha afya kilikuwa karibu kiasi kwamba ungeita wangekusikia. Nilikuwa nimemfundisha kusoma. Nilisimama Jumamosi ile nikasema maneno ambayo shehe mmoja aliyaombea msamaha kimoyomoyo, nilimwona midomo ikicheza. Hasira yangu inajulikana mjini. Kabla hatujatoka tulikuwa na maandishi: kila mwanamke ajifungulie kituoni, na mkunga atakayezalisha nyumbani alipe mbuzi mmoja. Mbuzi aliongezwa na mwenyekiti, alisema amri isiyo na meno ni wimbo tu. Tulicheka, nikamwandika mbuzi kwa herufi nzuri.

Tulianza na Kabambare, kwa kuwa huko wengi huzalia nyumbani. Msimamizi wa teritware ile, yaani wilaya, alitupokea vizuri. Alikuwa mtu wa kusikiliza, tena alituagizia chai. Alisema atatia sahihi kwa moyo mweupe, ila kwanza tumletee uthibitisho kwamba watu wa vijijini wameulizwa, hasa akina mama wenyewe, kwa sababu hataki amri itoke mjini ikaangukie watu vichwani. Alikuwa na haki kabisa. Laiti angekuwa mtu mvivu akasaini siku ile ile, leo ningekuwa na mtu mwingine wa kumlaumu.

Basi tukapanda pikipiki tatu, tukaenda kuuliza. Barabara ya Kabambare kila mtu anaijua, mvua ikinyesha inakuwa mto na jua likiwaka inakuwa mawe. Tulipita kijiji baada ya kijiji, na kila mahali mambo yalikwenda kwa namna moja: kapita, yaani mkuu wa kijiji, anaita watu, wanaume wanasema sana, akina mama wanasema kidogo. Mmoja aliuliza kama kituoni wataruhusiwa kuingia na shangazi zao. Mwingine aliuliza nani atabaki na watoto. Niliandika yote. Kijiji cha mwisho kilikuwa kile ambako mdogo wangu ameolewa.

Huyu mdogo nilimlea. Mama yetu alifariki yeye akiwa bado hajatimiza miaka miwili, na mimi nilikuwa msichana mkubwa. Nilimfunga mgongoni mpaka akawa mzito kwangu. Alipokua alimpenda mkulima Mkristo aliyekuja Kasongo kuuza mpunga, na nyumba nzima ikanuna. Sisi ni Waislamu wa mjini tangu mababu, wenye duka na wenye heshima yao, na wajomba walisema mkulima wa barabara ya Kabambare hawezi kutuletea chochote ila tope. Mimi ndiye niliyesimama upande wake. Mjomba alipoingia chumbani kumwuliza kama anamtaka mtu yule, hakumaliza swali. Mdogo wangu alisema ndiyo kwa sauti iliyosikika mpaka kwa wanaume barazani, wazee wakakohoa kwa aibu. Nilimwonea wivu siku ile, na nilimpenda zaidi.

Maana mimi sikusema hivyo. Kwetu msichana akiulizwa habari ya ndoa yake hutarajiwa kunyamaza. Anajifunika, anainamisha kichwa, na kimya chake ndicho ridhaa yake, ndivyo tulivyolelewa. Siku yangu nilikaa kati ya shangazi zangu, nguo usoni, na mjomba akauliza mara tatu. Nilinyamaza. Alitoka nje akawaambia wanaume, amekubali, wakasoma Fatiha. Ndani yangu nilikuwa nasema hapana, hapana, hapana, na mpaka leo nashangaa haikusikika hata na shangazi aliyekuwa amenishika mkono. Niliishi na mtu yule miaka minane, sikumzalia, akanirudisha kwetu na sanduku langu. Kwa hiyo kama kuna mtu duniani aliyepaswa kujua kwamba kimya cha mwanamke hakina maana moja, ni mimi.

Katika kijiji cha mdogo wangu, wanaume walikaa kwenye viti, akina mama kwenye mikeka nyuma yao. Mwenyekiti alisoma maandishi yetu kwa Kiswahili, kapita akayarudia kwa Kibangubangu, lugha ya kule. Wanaume waliuliza barabara itatengenezwa lini, na dawa zitakuja lini, na mmoja aliuliza kama mbuzi jike anakubaliwa. Watu walicheka. Kisha nikasimama mimi, kwa kuwa nilikuwa mwanamke pekee katika msafara, nikawauliza akina mama wanasemaje.

Hawakusema kitu. Niliuliza mara ya pili, nikawaeleza habari za yule mwanafunzi wangu aliyekufa. Walinitazama kwa huruma, niliona ni huruma, lakini hawakufungua midomo. Mbele yao alikaa mama mkwe wa mdogo wangu, mkunga wa kijiji, mwanamke mfupi mwenye mikono mipana. Wengi wa waliokuwa pale, wanaume kwa wanawake, aliwapokea yeye duniani. Alikuwa akitazama vidole vya miguu yake. Niliuliza mara ya tatu, ikawa kimya vile vile. Basi nikakaa, nikafungua daftari, nikaandika: akina mama wamekubali.

Jua lilikuwa linashuka, waendesha pikipiki walikuwa wanatazama mawingu, na nilikuwa nimechoka. Hizo ndizo sababu zangu, sina nyingine.

Mdogo wangu alinisindikiza mpaka kwenye pikipiki, amebeba mfuko wa mchele mpya wa kunipa. Alitembea polepole kuliko desturi yake, na nadhani alikuwa tayari na mimba changa ingawa hakuniambia. Tulipofika alinishika mkono wa gauni.

“Yaya,” akaniita, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, “lakini wale wamama hawakusema kitu.”

“Kunyamaza ni kukubali,” nikamwambia. “Siye si ndivyo tunaolewaka?”

“Miye sikunyamaza,” akasema, akacheka, nami nikacheka, nikapanda pikipiki. Alitaka kuendelea, nilimwona amefungua mdomo, lakini mwendesha pikipiki alikuwa amewasha moto. Nilimpungia mkono.

Msimamizi alisoma ripoti yetu yote. Alipofika kwenye mstari ule aliuweka kidole juu yake na kusema kwamba huo ndio aliokuwa akiutaka, kisha akatia sahihi na kupiga mhuri. Redio ya Kasongo ilitangaza. Mimi ndiye niliyenakili amri ile kwa mkono ili ipigwe fotokopi, na baada ya wiki chache mwandiko wangu ulikuwa umebandikwa kwenye mlango wa kila kituo cha afya upande ule. Nilikwenda kuutazama. Nilisimama mbele ya mlango mmoja kama mtu anayesoma tangazo la kazi, na nilijivuna. Ndiyo, nilijivuna sana.

Habari za mimba zilinifikia kupitia mwendesha pikipiki, kwa kuwa kijiji kile hakina mtandao, mpaka upande kilima. Nilirudisha ujumbe: mimba ikifika mwezi wa nane, shuka Kasongo, utajifungulia huku kwangu. Alijibu kwamba atakuja mpunga ukiisha kuvunwa. Ujumbe mwingine uliniambia kwamba mama mkwe wake amelipishwa mbuzi, kwa kumzalisha jirani aliyeshikwa na uchungu shambani. Yule kapita alikuja kumchukua mbuzi mwenyewe. Niliposikia hivyo nilimwambia mwenyekiti kwamba amri imeanza kufanya kazi.

Uchungu wa mdogo wangu ulikuja kabla ya wakati, asubuhi, mpunga nusu uko shambani. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Mume wake alimtafuta mwendesha pikipiki, wakampandisha katikati yao wawili, kituo kiko mbali na barabara ndiyo hiyo niliyoisema. Kwenye daraja la magogo walikuta gogo moja limechukuliwa na maji. Waliposhuka ili avuke kwa miguu, alikaa chini, akasema hawezi tena. Mtoto alizaliwa pale kandoni, juu ya koti la mvua la mwendesha pikipiki. Alilia mara moja. Kondo ya nyuma haikutoka, na wanaume wawili hawakujua la kufanya, mmoja alikuwa anamshika kichwa na mwingine anakimbia huku na huku akiita watu. Mama mkwe alikuwa anakuja nyuma kwa miguu. Alipofika, alimkuta mtoto ameshakufa, mwili umepoa, na mama yake hana damu ya kubaki.

Nilifika siku ya pili. Walikuwa wameshamzika, kwa kuwa mume alijua desturi yetu, na alimtafuta Mwislamu wa kijiji cha jirani aje kumswalia. Nilimshukuru kwa hilo. Nililia mpaka sauti ikaisha, na nilipokuwa sina sauti niligeuka mkali. Nilimtafuta mama mkwe katikati ya watu wa kilio, nikamwuliza mbele yao wote kwa nini, na mikono yake ile, na uzee wake ule, aliogopa kupoteza mbuzi mmoja kuliko kumpoteza mkwe wake.

Hakukasirika. Aliniongoza nyuma ya nyumba, tukakaa kwenye kinu kilicholazwa, akanieleza taratibu, kama mtu anayemlisha mgonjwa.

“Nilikuwa nishachemusha maji,” akasema. “Nilimwambia, mwanangu, lala hapa, mutoto iko karibu. Mbuzi nikamutoa kamba mwenyewe, nikamufunga pale mulangoni, kapita akuje amubebe. Yeye akakatala. Akasema, mama, sheria ni ya yaya wangu. Nikiivunja miye, nani ataishika?”

Hapo ndipo palipokatika kitu ndani yangu, na hakijaunganika. Alikwenda kufa kwa heshima yangu. Mtoto niliyembeba mgongoni alipanda pikipiki na uchungu wake, kwenye mvua, ili mwandiko wa dada yake usidharaulike kijijini.

Baadaye, nilipoweza kusema tena, nilimwuliza swali la pili. Nilimwuliza kwa nini siku ile ya mkutano walinyamaza, kwa nini hata mmoja hakusema hapana, maana hapana moja tu ingetosha, ningeiandika.

Nadhani alipima kwanza kama naweza kubeba. “Mambo ya kuzala haisemwake mbele ya wanaume,” akasema. “Na mbele ya mwanamuke asiyezala, tunaogopa kumuumiza. Tulikunyamazia juu ya heshima. Hapa kwetu mutu akinyamaziwa, anajua kama neno bado halijakubalika. Anarudi siku ingine, anakaa na wamama peke yao, pole pole. Mudogo wako alijua. Siye tulikungojea urudi.”

Waliningojea. Miezi yote ile nilipokuwa napita kwenye milango ya vituo kuutazama mwandiko wangu, wanawake wale walikuwa wananingojea nirudi ili waniambie walichokuwa nacho. Nikamwuliza wangeniambia nini. Akasema ni jambo dogo: siku ya jua wawapeleke wenye uchungu kituoni, yeye mwenyewe angewasindikiza, tena kuna mimba ambazo alikuwa akizikimbiza huko tangu zamani kwa kuwa alizijua kwa kuzigusa tu. Lakini siku ya mvua, daraja likiwa limekwenda, wakunga waruhusiwe kuzalisha nyumbani. Sentensi mbili. Zingeenea kwenye mstari mmoja wa daftari langu na nafasi ingebaki.

Nilirudi Kasongo, Jumamosi nikasimama tena kwenye darasa la misheni. Niliwaomba tuandike kwa msimamizi aifute amri ile. Niliwaeleza yote, pamoja na kimya na jinsi nilivyokiandika. Mama wauza samaki walilia nami. Mwenyekiti, aliyekuwa amekuja kwenye kilio na gunia la mchele begani, hakuweza kunitazama. Alisema amri yetu imesifiwa mpaka Kindu, mji mkuu wa mkoa, na watu wa teritware nyingine wameomba nakala yake, na kwamba tukiifuta kwa mikono yetu wenyewe, kesho tukienda na jambo la barabara au la walimu, nani atatusikiliza. Hakuwa mbaya. Alikuwa anaulinda mlango ambao sote tulitumia miaka kuusukuma ufunguke. Walibishana mpaka adhuhuri, na mwishowe walisema niende mimi mwenyewe, kwa jina langu.

Nilikwenda. Kituoni nilimwomba muuguzi mkuu daftari la uzazi, nikalisoma. Safu ya waliozalia nyumbani ilikuwa tupu ukurasa mzima. Mdogo wangu hakuwemo. Hakuzalia nyumbani, hakuzalia kituoni, na daftari halina safu ya njiani. Muuguzi alisema kwa upole kwamba kwa karatasi, mwezi ule ulikuwa mzuri.

Msimamizi alinipa pole ya kweli, akasimama kunipa. Kisha akaziweka karatasi zangu mbili mezani, ile ya zamani na ile mpya, moja kando ya nyingine.

“Madamu, miye nilisaini juu mulileta maandishi kama wamama wamekubali. Leo unaniletea ingine kama hawakukubali. Nitaamini mwandiko gani? Yote ni yako.”

Alisema nirudi nikawaulize upya, kijiji kwa kijiji, nilete maneno yao wenyewe, naye atayasoma. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, lakini yeye aliniambia, na hilo lilinichoma zaidi.

Likizo ya shule ilipofika nilirudi kijijini bila msafara, bila mwenyekiti. Daftari nililiacha kwenye mfuko. Nilifikia kwa mama mkwe wa mdogo wangu. Nilipalilia naye, nilitwanga sombe, majani ya mihogo, nilichota maji. Akina mama walinisalimu vizuri, waliniletea ndizi, walikaa nami jioni wakisimulia habari za mpunga na ndege wanaoula. Habari za kuzaa hawakuzigusa. Nikikaribia waliziacha, na sasa nilijua kwa nini, na nilikuwa nakwenda kando ili waendelee. Ni jambo gumu kujiondoa mwenyewe kila saa kwa kuwa tumbo lako halikuzaa.

Siku ya nne, jua limekwisha kuchomoza, mama mkwe alinikuta naosha vyombo. Aliniambia nisimame, ninawe mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, nimfuate. Niliuliza wapi. Alisema binti wa kapita ameshikwa na uchungu, tena kwa haraka, na mvua ya usiku imeondoa magogo tena.

“Kuja. Ukishaona kwa macho, watakuambia. Ndipo utaandika.”

Aliyoyasema yalitimia. Tangu siku ile walinieleza kila kitu, mmoja baada ya mwingine, na niliandika kurasa nne bila kuongeza neno langu. Kurasa zile ziko Kabambare. Msimamizi amezisoma, zinasubiri mhuri, na kila mwezi nakwenda kuuliza. Amri ya zamani bado iko milangoni.

Asubuhi ile kapita alikuwa nje ya nyumba yake, kwenye kiti kile kile cha mkutano, mikono imelala mapajani. Ni yeye aliyekuwa akizunguka kukusanya mbuzi. Tulipopita mbele yake alitazama chini, na mama mkwe alimpita kama anavyopitwa mtu yeyote.

Ndani walikuwemo wanawake watatu. Walinitazama, wakamtazama mama mkwe, naye akaniwekea mkeka nyuma ya binti, akaniambia nimshike, mgongo wake kifuani kwangu. Sijawahi kumshika mtu namna hiyo tangu mdogo wangu alipokuwa mtoto. Nilihisi kila uchungu ukimpita, mwili wote unakaza na kulegea. Mama mkwe hakuwa na haraka. Alisema naye kwa Kibangubangu, mara anamkemea, mara anamchekesha, na mikono yake mipana ilikuwa inajua mahali pa kwenda. Mtoto alitoka akilia kwa hasira. Kisha aliingojea kondo, anamsugua binti tumbo kwa kiganja, anazungusha, anasugua, na kondo ikatoka nzima, akaitazama pande zote. Damu ilikuja, akaendelea kusugua, ikapungua, ikakoma. Binti aliomba maji ya kunywa.

Yote yalikwisha kabla umande haujakauka. Wanawake walimfunga mtoto kwenye kitenge, mmoja akatoka kumwambia babu yake. Mimi nilibaki nimekaa pale pale, mgongo wa binti bado una joto kifuani kwangu, nikimtazama mama mkwe akinawa mikono kwenye beseni. Alinawa muda mrefu. Hakunitazama aliposema.

“Ni hivi tu,” akasema. “Na yule ingekuwa hivi tu.”